Kengele ya Moto Inayolia Bila Moto: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Hoteli na Hosteli

Ukiingia chumba cha hoteli ukakuta ditekta ya moshi (kifaa cha kuhisi moshi) darini imevishwa kofia ya plastiki ya kuogea, ujue kengele ya jengo hilo imeshalia bure mara nyingi na kuna mtu amechoka. Huenda ni mgeni, huenda ni mhudumu wa vyumba, na pengine ni fundi wa jengo mwenyewe. Kelele imekwisha, lakini chumba hakina tena ulinzi, na hakuna anayekumbuka kofia iliwekwa lini.

Hasara kubwa zaidi iko kwa watu. Alfajiri ya Januari 19, 2000, bweni la Boland Hall katika Chuo Kikuu cha Seton Hall, New Jersey, Marekani, lilishika moto. Kengele ililia kama inavyotakiwa. Lakini muhula uliotangulia ilikuwa imelia bure mara kwa mara, na wanafunzi kadhaa walibaki vitandani wakidhani ni yale yale. Watatu walikufa na makumi walijeruhiwa.

Mwongozo huu ni wa yule anayeshika funguo za jengo: meneja, msimamizi wa hosteli, fundi wa matengenezo wa hoteli ya ghorofa chache pale Unguja, Mombasa au Dar es Salaam. Majengo ya pwani yana visa vyake, kuanzia unyevu hadi moshi wa udi, na nitakaa zaidi kwenye hivyo. Msimamo wangu ni kwamba ditekta nyingi zinazolaumiwa ni nzima kabisa. Zimeona kitu kweli, na kazi yako ni kukijua kitu hicho kabla hujagusa bisibisi.

Hatua ya 1: Soma paneli kabla ya kurudisha mfumo

Paneli ni kisanduku cha ukutani kinachoongoza mfumo wote wa kengele. Kengele ikilia, mlinzi wa zamu hukimbilia kitufe chake cha kunyamazisha, kisha kile cha kurudisha mfumo katika hali ya kawaida. Kimya kinarejea, naye anarudi kitini. Hapo ushahidi wote umepotea. Ditekta iliyohisi kitu huwasha taa yake ndogo nyekundu, na taa hiyo hubaki inawaka mpaka mfumo urudishwe. Kwenye paneli za zamani zinazoonyesha eneo tu bila kutaja ditekta, taa ile ndiyo njia pekee ya kujua ni ipi kati ya ditekta zote za ghorofa ya pili iliyoanzisha kelele.

Bandika utaratibu huu ukutani, kando ya paneli:

1. Soma eneo au namba ya ditekta, uiandike hapo hapo. Watu waendelee kutoka nje.
2. Tuma mtu mwenye tochi na redio au simu akaangalie. Wakiwa wawili ni bora zaidi.
3. Akiona moshi, au akikuta mlango una joto kali kwa nje, asiufungue. Piga simu zimamoto mara moja. Tanzania ni 114, Kenya ni 999.
4. Pakiwa salama, atafute ditekta yenye taa nyekundu, anuse hewa, aulize waliopo walikuwa wakifanya nini.
5. Hapo ndipo unyamazishe na kurudisha mfumo.

Wafundishe pia kutofautisha sauti. Taa nyekundu na ving'ora vya jengo zima ni ishara ya moto. Taa ya njano na mlio mdogo wa paneli peke yake ni hitilafu: betri imechoka, waya umekatika, ditekta imetolewa. Wafanyakazi wengi huita vyote viwili "kengele", na ndiyo maana meneja huambiwa kengele imelia mara tano wiki hii, kumbe mara nne ilikuwa betri.

Hatua ya 2: Anzisha daftari

Daftari la kawaida la mistari linatosha. Kila tukio liwe na tarehe, saa, namba au mahali pa ditekta, hali ya hewa, kilichokuwa kikifanyika karibu nayo dakika kumi kabla, aliyekuwapo, na hatua iliyochukuliwa. "Imelia, tumezima" si maelezo. "Saa kumi na mbili na robo asubuhi, korido ya chini, mlango wa jikoni umewekewa kigingi, wanachoma chapati" ni maelezo.

Paneli nyingi za kisasa zina kumbukumbu yake ya matukio, nawe iangalie, lakini haitakuambia kwamba mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Baada ya wiki kadhaa utaona mpangilio. Kengele za alfajiri huelekea jikoni. Za jioni, baada ya magharibi, huelekea vyumba vinavyofukizwa udi au kuchomwa dawa ya mbu. Zinazokuja umeme ukikatika, tazama moshi wa jenereta unaingilia dirisha gani. Zinazokuja mvua za masika zikianza, tafuta maji ndani ya mabomba ya nyaya. Zinazofuata ratiba ya mitihani ya wanafunzi, basi unajua mwenyewe.

Yapange matukio katika mafungu manne: kitu kinachofanana na moshi, kifaa kibovu, utundu wa makusudi, na mtu mwema aliyedhani kweli kuna moto. Huyu wa mwisho asikaripiwe hata kidogo. Mhudumu aliyeona moshi wa takataka za jirani akabonyeza kibonyezo cha kengele ukutani amefanya unachotaka afanye.

Hatua ya 3: Jua ditekta yako inaona nini

Zungukia jengo zima na uandike aina ya kila moja. Imeandikwa nyuma au ubavuni.

Iliyozoeleka zaidi leo ni ya mwanga. Ndani yake kuna chumba cheusi chenye taa na kipokezi ambavyo havitazamani. Hewa ikiwa safi, mwanga haufiki kwenye kipokezi. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga, kama vile mwale wa jua unavyoonekana ukipita kwenye vumbi la chumba chenye tundu la dirisha. Sasa, mvuke wa bafuni hutawanya mwanga vile vile. Vumbi la kusaga vigae pia, manukato ya kupuliza pia, na sisimizi aliyeingia kutafuta pa kukaa naye pia. Ditekta hii haina pua ya kuvitofautisha.

Kwenye majengo ya zamani unaweza kukuta ya ayoni, inayotumia kiasi kidogo sana cha amerisi-241 (americium), elementi yenye mionzi. Hii ni hodari kwa chembe ndogo ndogo za moto wa miali, lakini husumbuka sana na mapishi. Usiipasue wala usiitupe jalalani. Irudishwe kwa msambazaji, au uulize mamlaka ya nchi inayosimamia mionzi.

Za joto ni za namna mbili. Moja hungoja joto lifike kiwango fulani. Nyingine hupima joto linavyopanda kwa kasi. Aina ya mwisho ni ditekta ya mseto, inayosoma moshi na joto pamoja na kulinganisha. Hiyo ni ghali zaidi, lakini kwa vyumba vya kulala vyenye historia ya kelele, inalipa.

Hatua ya 4: Hamisha au badilisha palipokosewa

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Ukirekebisha mahali na aina, hatua nyingine nyingi zinakuwa nyepesi.

*Jikoni.* Ditekta ya moshi haifai ndani ya jiko la hoteli. Weka ya joto, na iwe ya kiwango maalum. Ile ya kupima kasi italia kila mpishi anapofungua tanuri. Angalia pia daraja lake. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 54-5, ditekta ya daraja A1 inakusudiwa mahali ambapo joto la juu kabisa la kawaida ni nyuzi 50 za Selsiasi, nayo hulia kati ya 54 na 65. Dari ya jiko la pwani mwezi Februari, lenye majiko sita na kipulizia hewa kibovu, hukaribia hapo bila moto wowote. Daraja B huvumilia hadi 65 na hulia kati ya 69 na 85. Kabla hujanunua, funga kipimajoto darini, ukisome wakati wa chakula cha mchana.

Ditekta ya korido iliyo nje ya mlango wa jikoni ndiyo huumia zaidi kuliko ya ndani. Mlango wa kujifunga wenyewe unaofanya kazi ni dawa bora kuliko ditekta ya bei yoyote. Mpishi atauwekea kigingi kwa sababu ya joto, kwa hiyo tengeneza kwanza feni ya kutoa hewa, ndipo ugombe kuhusu kigingi.

*Chumba cha kulala.* Tazama vitu vitatu: mlango wa bafu, kiyoyozi na feni ya dari. Kiwango cha Marekani cha NFPA 72 kinataka ditekta za nyumbani zikae walau inchi 36, yaani kama sentimita 90, kutoka mlango wa bafu lenye bomba la mvua, na umbali huo huo kutoka ncha za mapanga ya feni ya dari. Waingereza, kwenye kiwango chao cha BS 5839-1, wanataka walau mita 1 kutoka tundu la kuingizia hewa ya kiyoyozi na nusu mita kutoka ukutani. Birika la umeme nalo lisiwekwe kwenye meza iliyo chini ya ditekta. Ni jambo dogo, lakini wapambaji wa vyumba hawatazami juu.

*Unyevu wa pwani.* Mgeni huweka kiyoyozi nyuzi 18, chumba kinapoa hadi dari na plastiki zake. Kisha anafungua mlango wa baraza na hewa ya bahari, nzito na moto, inaingia. Unyevu unashika kwenye kila kilichopoa, hata ndani ya chumba cheusi cha ditekta. Hali mbaya zaidi ni bomba la nyaya linaloshuka kutoka paa la joto hadi chumba baridi: maji hujikusanya ndani ya bomba na kudondokea kwenye kitako cha ditekta. Ukikuta kutu au alama za chumvi kwenye skrubu za kitako, usibadilishe ditekta kwanza. Ziba mdomo wa bomba kwa lakiri au povu linalofaa kwa nyaya, kagua mfereji wa maji ya kiyoyozi, kisha ndipo uweke mpya.

*Udi na ubani.* Kupiga marufuku kufukiza Unguja au Lamu ni kujidanganya, watu watafukiza tu, na watafunika ditekta. Afadhali upange. Wahudumu wanaofukiza vyumba kabla ya wageni kufika waweke chetezo mbali na ditekta, mlango wa korido ukiwa umefungwa na dirisha wazi, na mapokezi wajulishwe kabla. Vyumba vya maharusi viwekewe ditekta za mseto. Paneli inayotambua kila ditekta kwa namba yake inaweza kupangwa iwe na wepesi tofauti wa kuhisi kwa saa tofauti. Muulize fundi kama yako inaweza.

*Makuti.* Sehemu za kulia zilizoezekwa makuti hudondosha vumbi na wadudu mwaka mzima, na jiko la kuchomea samaki mara nyingi liko upande upepo unakotoka. Kishawishi ni kuweka ditekta za joto peke yake. Sikubaliani nacho, kwa sababu makuti yakishika, muda wa kungoja joto lipande haupo. Hamisha jiko, si ditekta, na ongeza usafi.

Hatua ya 5: Safisha, na ufunge njia ya wadudu

Pitisha mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini kuzunguka matundu ya kila ditekta, walau kila miezi sita, na mara nyingi zaidi palipo karibu na barabara ya vumbi. Kabla ya kuanza, tenga eneo hilo tu kwenye paneli, yaani lizime kwa muda, liandike daftarini, na ulirudishe mara umalizapo. Kufungua chumba cha ndani mwachie fundi mwenye maelekezo ya mtengenezaji.

Sisimizi na buibui wadogo kwa kawaida hawaingilii mbele peke yake, hupitia tundu la nyaya nyuma ya kitako. Lizibe. Usiipulizie ditekta dawa ya wadudu: utaamsha kengele papo hapo, na mafuta ya dawa yatashika vumbi la miezi ijayo. Mijusi ni shida ya aina yake, kwa kuwa kinyesi na mayai yao hukaa juu ya kitako kisichobana dari. Ukiona mwanya, kaza.

Mpakaji rangi asipite na brashi juu ya ditekta. Ikishapakwa haisafishiki, ni ya kubadilisha.

Hatua ya 6: Kazi za fundi na upigaji dawa ziombe ruhusa

Kusaga vigae, kukata jipsamu, kuchomelea, kufukiza dawa ya mbu kwa mashine: hizi zote zitaamsha kengele kama hukujiandaa. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Fundi hagusi kitu mpaka msimamizi ameisaini, na fomu inataja eneo linalotengwa, saa ya kuanza na saa ya kurudisha.

Tenga eneo la kazi peke yake, jengo zima liachwe likilindwa. Ditekta za hapo zivishwe vifuniko vya rangi kali vinavyokuja na kifaa kipya, vihesabiwe vikitoka na vikirudi. Muda wote ambao eneo halina ulinzi, mtu mmoja mwenye kizimamoto na simu azunguke hapo. Kama kulikuwa na kuchomelea, abaki walau saa 1 baada ya fundi kuondoka, kwa sababu cheche hujificha kwenye mbao na maranda.

Hatua ya 7: Badilishana ditekta kabla ya kununua

Ditekta moja ikilia mara ya pili ndani ya muda mfupi na hujaona sababu, fanya jaribio hili la bei nafuu. Itoe, uiweke kwenye chumba kisicho na historia ya kelele, na ile ya chumba hicho uilete hapa. Kwenye mifumo inayotaja namba, fundi ahakikishe anwani zinabaki sahihi, na aina ziwe zile zile. Kisha ngoja. Tatizo likihama na kifaa, kifaa ni kibovu. Likibaki chumbani, pesa zako ziende kwenye mahali: mvuke, hewa, maji, wadudu.

Wengi huruka hatua hii, wakanunua ditekta tatu kwa chumba kimoja. Lakini angalia tarehe ya kutengenezwa: iliyopita miaka 10 haistahili kujadiliwa, ibadilishwe.

Hatua ya 8: Umeme

Hapa ni kwa ufupi. Paneli iwe na laini yake yenye fyuzi yake, isichangie na pampu ya maji wala lifti. Weka kinga ya umeme unaorudi kwa kishindo, na ethi ipimwe. Betri, kwa BS 5839-1, kwa kawaida zinatakiwa kubeba mfumo saa 24 bila umeme, na bado zibaki na nguvu ya kupiga ving'ora nusu saa. Kama mtaa wenu hukatiwa umeme kwa muda mrefu, mwambie fundi akokotoe upya. Bomba la moshi la jenereta ligeuzwe kutoka madirishani.

Hatua ya 9: Vibonyezo na watu

Kwenye hosteli, vibonyezo vya ukutani ndivyo hubeba lawama. Vivike mifuniko ya plastiki angavu ya kuinua. Mwenye haraka ya kweli haimnyimi nafasi, na mwenye mzaha humpunguzia hamu. Baadhi ya mifuniko hulia yenyewe ikiinuliwa, na hiyo hufanya kazi vizuri korido za wanafunzi. Usivifunge kwa kufuli na usivipandishe juu watoto wasivifikie. Kimo cha kawaida ni kama mita 1.4 kutoka sakafuni.

Jaribu kibonyezo kimoja kila wiki, siku ile ile, saa ile ile, ukibadilisha kibonyezo kila mara, na watu waambiwe kabla. Ikilia saa nyingine yoyote, watajua si jaribio.

Hatua ya 10: Kuchelewesha king'ora, kwa tahadhari

Mfumo unaweza kupangwa ili ditekta moja ikihisi kitu, king'ora kilie kwanza mapokezi, na mlinzi apewe dakika chache za kukagua kabla jengo zima halijaamshwa. Au usubiri ditekta mbili zikubaliane. Ni njia nzuri mchana kwenye ofisi. Pale watu wanapolala, ikubali tu kama mapokezi pana mtu macho usiku kucha, aliyefundishwa, na mwenye funguo za kila mlango. Kibonyezo cha mkono kisicheleweshwe kamwe, wala ditekta ya pili ikishahisi. Mpango huu uwekwe na fundi mwenye ujuzi, na uujadili na jeshi la zimamoto la eneo lako kabla ya kuuanzisha.

Kumbuka pia zimamoto wenyewe huchoka. Uskoti, tangu Julai 2023, kikosi chao hakitoki tena kwa kengele za mitambo peke yake kwenye maeneo mengi ya kazi mpaka mtu athibitishe kuna moto. Majengo ya kulala watu yameachwa nje ya mpango huo. Kwetu, gari linaloitwa bure ni gari ambalo haliko karibu na nyumba inayoungua kweli.

Hatua ya 11: Siku ya fundi wa huduma

Mkataba wa huduma uwe na ziara walau mbili kwa mwaka. Siku hiyo usimwachie fundi jengo. Ambatana naye. Ajaribu kila ditekta ya moshi kwa moshi wa kopo la majaribio, si karatasi inayowaka wala dawa ya mbu, kwa kuwa masizi yake hubaki ndani. Kama paneli yako inaonyesha kiwango cha uchafu cha kila ditekta, aichapishe orodha hiyo akupe.

Fundi akisema "tutapunguza wepesi kidogo" kabla ya kuuliza ditekta iko wapi na ililia saa ngapi, mrudishe kwenye daftari. Kupunguza wepesi ni hatua ya mwisho, ndani ya mipaka ya mtengenezaji, na kwa maandishi. Mwisho wa ziara fungueni daftari pamoja, na kwa kila ditekta iliyolia tangu alipokuja mara ya mwisho, aandike alichokuta na alichofanya. Asipoandika, usisaini hati yake ya malipo.